Programu Nyepesi, Fundi Gizani

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, pale Tunguu, akiandika kwa lugha ya C fanksheni iitwayo hesabu_nauli na kuipitisha kwenye kompaila kwa amri ya gcc -g, faili linalotoka hubeba mambo mawili. Kuna maagizo ya kufuatwa na prosesa, na kuna maelezo ambayo prosesa haina haja nayo: majina ya fanksheni na vigeu, jina la faili la msimbo, namba ya mstari ambako kila agizo limetoka. Hizo ndizo alama za utatuzi, na mara nyingi huyazidi maagizo yenyewe kwa ukubwa.

Amri ya strip huziondoa. Imo katika mwongozo wa kwanza wa Unix wa Novemba 1971, enzi ambapo Ken Thompson na Dennis Ritchie walitumia mashine yenye kumbukumbu ya kilobaiti 24 na diski ya kilobaiti 512. Kila baiti ilikuwa na mwenyewe.

Huku kwetu sababu ya kuziondoa ilikuwa njia ya kufikishia programu. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, kebo ya SEACOM ilikuwa bado miaka mitano ifike Dar. Intaneti ilipitia setilaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza. Karani wa Vuga angepakua alama za utatuzi za nini? (Maneno ya Kiswahili kwenye menyu hayana wasiwasi: strip haiyagusi.) Hata leo, mtu wa Makunduchi anayenunua bando analipia kila megabaiti.

Balaa huanza programu inapoanguka. Yenye alama, debaga humwambia fundi waziwazi: hesabu_nauli, nauli.c, mstari wa 42. Isiyo nazo humpa anwani, tuseme 0x401136, na viulizo viwili. Ni kama mhandisi aliyeitwa Forodhani baada ya sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la Seyyid Barghash la 1883, kuporomoka Desemba 25, 2020, akaambiwa afanye kazi bila michoro.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba kuondoa si kutupa. Kabla ya kukata, amri ya objcopy hunakili alama kwenye faili la pembeni, na namba moja ya utambulisho hubaki katika mafaili yote mawili ili yatambuane. Debian imelifanya jambo hili kuwa la kawaida kwa vifurushi vyake tangu mwishoni mwa 2015: mtumiaji hupata kilicho chepesi, fundi huvuta alama akizihitaji.

Wapo wanaokata kwa kudhani wanafunga mlango wa wezi. Wanajidanganya: maagizo yenyewe bado yanasomeka, na kukata humchelewesha mvamizi tu.

Na alama hazingoji. Asiyezihifadhi siku programu ilipoundwa, akaja kuiunda upya baada ya kubadilisha kompaila, huenda akakuta anwani zimehama, na ile 0x401136 ya mteja inaangukia fanksheni nyingine kabisa.