Siku za Mwendo wa Polepole

Somo: Mwanzo 33:1-14

Popote mlipo asubuhi hii, jikoni mkichochea moto wa chai, au njiani kwenda kazini, au kitandani kwa ugonjwa, karibuni tukae pamoja kwa dakika chache.

Mwezi wa Agosti uliopita tulipata mgeni nyumbani kwetu, kando ya barabara itokayo Eldoret kwenda Iten. Mgeni huyo ni mwenzetu wa shule ya sekondari. Tulilala naye bweni moja miaka minne, tukala naye maharagwe yale yale. Siku hizi anafanya kazi Mombasa, na ijapokuwa umri wake umepita miaka 40, hajaacha mbio za masafa marefu. Alikuwa akijiandaa kwa marathoni, yaani kilomita 42 na mita 195, na siku zilikuwa zimekaribia. Likizo yake ilikuwa juma moja tu. Akataka afanye mambo mawili katika juma hilo: kuwaona marafiki wa zamani, na kutopoteza mazoezi yake.

Twakiri kwamba tulidhani jambo moja litameza lingine. Nanyi mwajua ukarimu wetu ulivyo. Mgeni akija, kuku huchinjwa, mursik hutolewa kibuyuni, na mazungumzo huenda mpaka usiku wa manane. Nani ataamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia?

Lakini jioni ile ya Jumapili, kabla ya kulala, mgeni wetu alitoa karatasi mfukoni, akaibandika ukutani jikoni karibu na kalenda ya kanisa. Alikuwa ameandika siku zote za juma. Jumatatu, mwendo wa polepole. Jumanne, mbio za kasi kiwanjani. Jumatano, mwendo wa polepole. Alhamisi, mbio za kubadilisha mwendo, zile ambazo wanariadha wa Iten huziita fatileki: dakika moja kasi, dakika moja taratibu, na kuendelea hivyo. Ijumaa, mwendo wa polepole. Jumamosi, safari ndefu ya kilomita 30. Jumapili, kanisani na kupumzika.

Tulipoisoma tulicheka. Tukamwambia, "Ndugu, siku sita za mazoezi, na tatu ni za polepole! Hivi ndivyo mtu anavyojiandaa kushinda?"

Naye akatueleza jambo ambalo hatukulijua. Alisema mwili haujengwi wakati mtu anapokimbia kwa kasi. Siku ya kasi misuli huchoka, tena huumia kidogo. Ni katika siku ya polepole na katika usingizi ndipo mwili unapojitengeneza na kuwa na nguvu kuliko jana. Kijana anayekimbia kila siku kana kwamba yuko mashindanoni hafiki siku ya mashindano. Hukatika mshipa njiani. Ndiyo maana mgeni afikaye Iten hushangaa kuwaona wakimbiaji hodari wa dunia wakianza mbio zao za polepole kwa mwendo ambao hata mwanakwaya wetu mnene angeweza kuufuata. Hawaoni haya. Wanajua kazi ya siku ile ni nini.

Jumatatu alfajiri alitoka, akarudi akihema kuliko alivyotazamia. Mombasa iko kando ya bahari, bali kwetu ni zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Hewa ni nyembamba, na kila pumzi huleta oksijeni pungufu. Mwili wa mtu wa pwani huhitaji majuma kadhaa kuzoea. Yeye hakukasirika wala hakujilazimisha. Alipunguza mwendo tu. Jumanne akaenda kiwanja cha shule ya msingi, akakimbia mita 1,000 mara nane, na watoto wa jirani wakamhesabia kwa sauti.

Jioni ile ya Jumanne, wenzetu wawili wengine tuliosoma nao walikuja kula nasi. Tulicheka sana. Tukakumbuka kengele ya asubuhi, na mwalimu wa zamu, na uji wenye madonge. Kisha mgeni wetu akauliza, "Na yule mwenzetu aliyekuwa akinishinda katika mbio za nyika, yuko wapi?"

Meza yote ikanyamaza.

Wapendwa, jina la mwenzetu huyo hatutalitaja. Yatosha kusema kwamba shuleni alikuwa wa kwanza katika mbio na wa pili katika hesabu. Baadaye alipoteza kazi, kisha akashikwa na ulevi wa chang'aa, kisha mke wake akarudi kwao. Anaishi ng'ambo ya mto, kilomita nne kutoka mlangoni petu.

Mgeni akauliza tena, "Mlimwona lini mara ya mwisho?"

Tukaanza kujitetea. Tulisema kwamba tulikwisha kumtembelea. Tulikwisha kumshauri. Tulikwisha kumwombea. Tulisema mlango wa kanisa u wazi, na yeye ndiye asiyeingia. Maneno hayo yote yalikuwa kweli. Lakini tulipohesabu miaka tangu tulipokanyaga ua wake, ilikuwa mitatu. Mgeni hakutulaumu. Alimaliza chai yake akaenda kulala.

Jumatano alitoka saa kumi na mbili asubuhi, akarudi saa mbili na nusu, viatu vimejaa matope. Akatuambia, "Leo nimekimbia kilomita nne na kutembea nne. Nilimkuta ameketi nje ya nyumba yake. Nikamwambia leo kwangu ni siku ya polepole, anisindikize. Akavaa gambuti zake akanisindikiza mpaka kwenye daraja. Tulikuwa tukisimama mara kwa mara apate pumzi."

Tukauliza, "Je, mazoezi yako hayakuharibika?"

Akajibu, "Karatasi yasema polepole. Haisemi polepole ya nani."

Kisha akaongeza, "Anawaulizia. Amesema mkitaka kumwona, mje kwa miguu."

Neno lile la kwenda kwa miguu lilitusumbua siku nzima ya Alhamisi. Ijumaa tulikwenda, nasi hatukuchukua gari. Tulitembea watatu katika barabara ya marram, mgeni wetu mbele akijizuia, mwenzetu mwenye gambuti katikati, na sisi nyuma. Kwa muda mrefu hapakuwa na neno. Halafu yeye akasema, bila kugeuka, "Kasisi, mnajua kwa nini nilisema mje kwa miguu? Mara ile ya mwisho mlisimama mlangoni mkanisomea Neno la Mungu, na gari lenu likinguruma barabarani. Hamkuzima injini. Nikajua mna haraka ya kwenda kwa mtu mwingine."

Hatukuwa na jibu.

Akaendelea, "Tena Jumapili iliyofuata mlilitaja jina langu katika maombi, mbele ya watu wote. Mtoto wangu alikuwa kanisani. Alirudi nyumbani akilia. Tangu siku ile sikuweza tena kupita langoni pale."

Wapendwa wasikilizaji, sisi tulifundishwa chuoni namna ya kuandaa hubiri na namna ya kuongoza maombi ya kuwaombea wengine. Siku ile, kwenye vumbi la barabara, tulifundishwa kwamba twaweza kufanya mambo hayo yote sawasawa na bado tukamponda ndugu kwa mwendo wetu. Tulimwomba radhi pale pale. Yeye hakusema amesamehe. Alisema tu, "Twendeni, tusisimame, baridi itanishika."

Tulipofika nyumbani tulifungua kitabu cha Mwanzo, sura ya 33. Mwakumbuka habari yenyewe. Yakobo na Esau, ndugu wa tumbo moja, walikuwa wametengana miaka mingi kwa ajili ya udanganyifu wa Yakobo. Sasa wanakutana, wanakumbatiana na kulia. Esau, mtu wa nguvu mwenye watu 400 nyuma yake, anasema waondoke, waende pamoja. Lakini Yakobo anamwomba atangulie. Anamwambia kwamba watoto wake ni wachanga, na mifugo ina ndama wanaonyonya. Ikiharakishwa siku moja tu, itakufa yote. Yeye atakwenda taratibu, kadiri ya mwendo wa wanyama na kadiri ya mwendo wa watoto.

Twajua Yakobo hakuwa mkweli katika kila jambo. Hata siku ile alisema atamfuata Esau mpaka Seiri, naye akaenda Sukothi. Lakini hilo alilolisema juu ya mwendo ni kweli, na mchungaji yeyote wa mifugo atalithibitisha. Kundi haliendi kwa mwendo wa dume lenye nguvu. Huenda kwa mwendo wa ndama. Mchungaji afikaye malishoni mapema huku ndama wamekufa njiani hana cha kujivunia.

Na yaliyokuwa kwa Yakobo hofu na busara zikichanganyika, kwa Bwana wetu Yesu ni upendo mtupu. Someni Luka sura ya 24. Ni siku ile ile ya ufufuo. Mauti imeshindwa. Twaweza kudhani kwamba siku kama hiyo Mfalme atakimbia kasi kutoka mji hata mji. Lakini Luka anatuambia kwamba jioni ile alikuwa njiani na watu wawili wenye huzuni, wakitoka Yerusalemu kwenda Emau, mwendo wa kilomita 11 hivi. Alitembea kwa hatua zao. Aliwauliza wanazungumza nini, akawasikiliza mpaka wakamaliza, ndipo akafungua Maandiko. Sisi tulikuwa tumeanza na Maandiko na kumaliza na injini.

Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, aliwakumbusha juu ya wakimbiaji wanaojinyima mambo yote ili wapate taji la majani linalonyauka. Karibu na mji wao palikuwa na michezo mashuhuri iliyofanywa kila baada ya miaka miwili, nao walimwelewa vema. Twapenda kuhubiri sura hiyo, na tunapoihubiri twasema: kaza mwendo, usilegee. Ni kweli, ziko siku za kukaza. Jumamosi ile mgeni wetu aliondoka gizani kwa safari yake ya kilomita 30, wala hakumngoja mtu. Lakini kujinyima kwa mkimbiaji si kwenda kasi tu. Mara nyingi jambo gumu zaidi kwa mtu mwenye mbio ni kujizuia. Kujinyima sifa ya kasi ili aliye nyuma asikate tamaa, hilo nalo ni zoezi, na wengi wetu hatujalianza.

Mwaka 2019, katika mji wa Vienna, Mkenya mwenzetu Eliud Kipchoge alikimbia masafa ya marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Hakuna mtu aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. Lakini hakukimbia peke yake. Wakimbiaji zaidi ya 30, wengi wao mabingwa kwa haki yao, walipokezana kumzunguka ili kumkinga na upepo. Siku ile hawakutafuta ushindi wao. Ikiwa mtu mwenye nguvu kuliko wote alihitaji wenzake kandoni mwake, je, mwenzetu yule wa ng'ambo ya mto?

Jumapili mgeni wetu alikuja kanisani nasi. Mwenzetu hakuja. Twawaambia kweli, tulikuwa tukitazama mlangoni wakati wa kila wimbo, naye hakuja. Jumatatu asubuhi mgeni akaondoa karatasi yake ukutani, tukamsindikiza kwenye matatu, akarudi Mombasa.

Jumatano iliyofuata, saa kumi na mbili asubuhi, tulisikia hodi. Mwenzetu alikuwa amesimama uani na gambuti zake. Akauliza, "Leo si siku ya polepole?"

Tangu hapo twatembea naye Jumatano na Ijumaa. Ziko siku anazokuja akinuka pombe. Ziko siku asizokuja kabisa, nasi huenda sisi mpaka kwake. Hajaingia kanisani bado, na hatujui mwisho utakuwaje. Jambo moja twalijua: hatumtangulii tena.

Ndugu msikilizaji, labda wewe nawe unaye rafiki wa zamani ambaye jina lake likitajwa, meza hunyamaza. Usimpelekee hotuba. Zima injini. Mwendee kwa miguu. Na kama ni wewe uliyeachwa nyuma, ukaona watu wa kanisa wamekupita wakikimbia, twakuomba radhi. Mwokozi hakukupita. Yeye yuko nyuma pamoja nawe, anakwenda kadiri ya mwendo wako.

Na tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyetembea na wenye huzuni katika njia ya Emau, utusamehe haraka yetu. Utufundishe siku za kukaza mwendo na siku za kupunguza. Uwaangalie wale tuliowaacha njiani, na utupe miguu ya kuwarudia. Kwa jina lako takatifu. Amina.