Kuhamisha Majalada ya Barua Pepe Bila Kupoteza Kumbukumbu za Chama
(Maneno ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika katika semina ya makatibu)



Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani barua za chama zilikaa kabatini, na kabati lilipojaa tulitafuta jingine. Siku hizi barua za bei kutoka kwa wanunuzi, taarifa za benki na hati za malipo huja kwa barua pepe, na kabati lake ni diski ya kompyuta. Diski hiyo ikijaa, barua mpya hukwama, na katibu hushawishika kufuta za zamani ili apate nafasi. Baadaye mwanachama akidai malipo ya pili ya msimu uliopita, ushahidi haupo tena. Dawa si kufuta, bali ni kuhamisha.

Kwanza, katibu ajue barua zake zinakaa wapi. Upo mpango uitwao POP, ambao huziteremsha barua katika kompyuta na mara nyingi huziondoa kwenye seva. Hapo nakala ya ofisini huenda ndiyo pekee iliyobaki. Upo na mpango wa IMAP, ambao huziacha kwenye seva. Katika huo, barua ukiifuta ofisini hutoweka na kwenye seva pia.

Kwa vyama vinavyotumia programu ya Thunderbird, utaratibu ni huu. Safisheni kwanza jalada la takataka, kisha mwiamuru programu iyabane majalada. Maana barua iliyofutwa hutiwa alama tu, na huendelea kushika nafasi mpaka jalada libanwe. Pili, ifungeni programu kabisa. Tatu, nakilini majalada yote kwenda diski ya pili, wala msiyakate. Nne, linganisheni idadi ya mafaili na ukubwa wake pande zote mbili. Tano, fungueni programu, mwende kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya seva, mahali panapotajwa pa kuhifadhia barua, mkaonyeshe mahali papya. Kisha mwifunge na kuifungua tena. Sita, someni barua kadhaa, za zamani na za karibuni, pamoja na viambatisho vyake. Zikisomeka zote, ndipo nakala ya zamani iondolewe.

Ndugu zangu, yapo mambo mawili ya kuangaliwa. Diski ya pili ikiwa ni ya nje, ikichomolewa programu haitayaona majalada, na katibu atadhani yamepotea. Kwa hiyo kidude cha flashi, ambacho leo kiko ofisini na kesho kiko mfukoni mwa mtu, hakifai kuwa makao ya barua za chama. La pili, kuhamisha si kuweka akiba. Kompyuta nyingi huonyesha diski C na diski D, kumbe zote mbili ni sehemu za diski moja. Ikiharibika, zote huenda pamoja. Basi iwepo nakala nyingine, ifungiwe mahali penye usalama mbali na kompyuta.

Mwisho, kazi hii isiwe siri ya katibu. Halmashauri iarifiwe, na katika muhtasari iandikwe tarehe ya kuhamisha, mahali majalada yalipo, na nani anatunza nakala ya akiba. Makatibu hubadilika, lakini chama hubaki. Katibu mpya anapokabidhiwa funguo na vitabu vya hesabu, akabidhiwe pia majalada haya, ayafungue mbele ya mashahidi, ndipo atie sahihi.

Mkulima aliyeleta mazao yake ghalani hana diski wala programu. Ana stakabadhi mkononi na imani kwa chama chake. Tusiiache imani hiyo ipotee kwa kukosa nafasi katika kompyuta.