Mtoto mwenye kupima hadanganywi
Maneno tuliyosema mbele ya wazazi na walimu, Butembo



Tuanzie na chukudu. Mwenye kuitengeneza hakupita chuo kikuu, lakini anajua mti gani unabeba kilo mamia bila kupasuka, na anavalisha gurudumu kipande cha mpira wa gari ili lisilike mbio. Hiyo njo kazi ya enjenia. Lakini mtoto wake akifika masomoni anaandikiwa ubaoni "nguvu", "uzito", "mteremko". Anakariri, anarudisha kwenye mtihani, anasahau.

Sisi pia tulipita mule mule. Tuko na madiplome, wengi wetu hatuna kazi, na wako kati yetu waliosoma ujenzi bila kushika hata siku moja mfano wa daraja mkononi. Ndiyo maana tunakutana na watoto kila Jumamosi. Vifaa ni matete, waya, vibidoni vya zamani, vizibo, kamba na udongo.

Siku ya kwanza walifunga vijiti vine kwa umbo la mraba. Ukisukuma, unalala. Wakaongeza kijiti kimoja toka pembe hadi pembe: mraba ukakataa kulala. Leo wakiingia kanisani wanaonyeshana pembetatu za paa.

Kisha mvua ikanyesha, na maji yakaingia tena katika nyumba za avenyu moja, pembeni ya mtaro mpya. Watoto wakauliza: mtaro uko, maji yanaingia juu ya nini? Tukatengeneza mfano wake kwa udongo ndani ya karai, tukamwaga maji. Halafu tukaenda kwenye mtaro wenyewe na mpira mweupe wenye maji, ule wa mafundi waashi: maji ya ncha mbili yanasimama sawasawa, hata zikiwa mbali. Wakapima. Mwisho wa mtaro uko juu kuliko katikati, kiasi cha kiganja kizima. Msichana wa miaka 11 akasema: "Nani alipokea hii kazi?"

Swali hilo tumelipeleka ofisini kwa barua, pamoja na vipimo. Mpaka leo hakuna jibu. Hatutukani mutu, tunaomba aliyejenga aonyeshe vipimo vyake.

Wazazi wengine wametuambia: musiingize watoto katika politike. Tunawasikia. Barua tulitia sahihi sisi wakubwa, jina la mtoto hata moja halimo. Lakini kupima mteremko si politike, ni hesabu. Kama hesabu inamsumbua mutu, kosa si la mtoto.

Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali. Tusiache hiyo bure igeuke bure kabisa.

Tunaomba mambo matatu. Walimu, mutupe saa moja kwa juma. Wazazi, musimupige mtoto aliyefungua redio iliyokufa; mumuulize ameona nini ndani. Na Jumamosi musimutume msichana kuchota maji huku kaka yake anabaki kujenga.

Juma hili tunaanza daraja la matete. Litabeba matofali mawili ao litavunjika, na likivunjika tutatafuta pamoja ni wapi lilianzia. Mukuje na watoto. Mwenye nyundo ailete.