Watatu Watakosa: Mhadhara Juu ya Neno "Kutoa"



Naomba nianze na daftari. Ni la mjukuu wangu wa darasa la pili, na ruhusa ya kulileta amenipa mwenyewe, kwa malipo ya biskuti. Swali linasema: Asha ana maembe 8, Juma ana maembe 5. Asha amemzidi Juma kwa maembe mangapi? Mtoto kaandika 13, mwalimu kamkosesha kwa kalamu nyekundu. Nilipomuuliza kwa nini alijumlisha, alinishangaa mimi. "Babu, si wameandika amemzidi?" Kumbe ameshika kanuni: ukiona "zidi" jumlisha, ukiona "baki" toa.

Jioni ileile bibi yake akatoka na sahani ya maandazi 5. Barazani, pamoja na wa jirani, watoto walikuwa 8. Sahani haijatua mkekani, mjukuu wangu akapaza sauti: "Bibi, watatu watakosa!" Hakukunja hata kidole.

Hayo hayakuanzia barazani kwangu. Mwaka 1983 mtafiti Hudson alichapisha matokeo ya jaribio dogo ambalo mimi nalihesabu miongoni mwa majaribio mazuri kabisa ya fani yetu. Watoto walionyeshwa picha ya ndege na nyungunyungu, ndege wakiwa wengi kuliko nyungunyungu. Walipoulizwa ndege wamewazidi nyungunyungu kwa wangapi, katika kundi la wadogo kabisa, wa shule ya awali, waliopata walikuwa asilimia 17. Walipoambiwa kila ndege anakimbilia nyungunyungu wake, je, wangapi watakosa, waliopata walifika asilimia 83. Picha ileile, hesabu ileile.

Sasa tujitazame. Hesabu nzima ya alama ile ya kistari tumeitwika kitenzi kimoja, kutoa. Kwa maembe yaliyoliwa, kitenzi hiki hakina mfano: nilikuwa nayo, nimetoa, yamebaki. Lakini kwa Asha na Juma nani katoa nini? Hakuna embe lililoondoka kapuni. Mtoto anatafuta kilichotolewa, hakioni, anaona "zidi" tu, basi anazikamata namba mbili zilizopo na kuzijumlisha. Mimi simwiti mzembe. Amelisoma swali kwa Kiswahili sahihi kuliko sisi tuliolitunga.

Na iko sura ya tatu ya hesabu hiyohiyo, ambayo bingwa wake ni muuza duka. Mtoto kanunua vitu vya shilingi 700, kalipa kwa noti ya 1,000. Muuza duka anaweka sarafu ya 100 mezani, "mia nane," anaweka ya 200, "elfu." Chenji imekamilika na hakuna aliyetoa chochote kwenye chochote, amepanda kutoka 700 mpaka akafika. Mtoto, kidevu juu ya meza ya duka, anazifuata sarafu kwa macho, maana anajua kitakachompata nyumbani zikipungua. Kesho yake shuleni anaandikiwa 1,000 kutoa 700 kwa kusimamisha, aende akakope kwa jirani ambaye naye ni sifuri. Mnacheka, lakini hilo ndilo somo.

Kupanda huko kunanifikisha kwenye vidole, navyo nitasema machache. Mtoto mwenye 2 jumlisha 6 mwanzoni huhesabu vidole vyote tangu moja. Baadaye, mara nyingi bila kufundishwa, huanzia kwenye 6 na kusema "saba, nane." Watafiti Groen na Parkman walionyesha mwaka 1972, kwa kupima muda wa kujibu, kwamba watoto wa darasa la kwanza hufuata njia inayofanana na hiyo. Vidole ndivyo ngazi ya kufikia hapo. Anayewachapa watoto kwa kuhesabu vidole anaikata ngazi wakiwa bado juu yake.

Mwalimu mwenye watoto mia darasani ataniuliza, muda uko wapi? Mtaala wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, wa mwaka 2015 uliipa Kuhesabu nafasi kubwa, na ninachoomba hakihitaji fedha. Visoda vya kuhesabia vinaokotwa. Kabla ya alama kuandikwa ubaoni, jambo lisimuliwe kwa vitenzi vyake: wangapi watakosa, mangapi yamebaki, bado mangapi yatimie nane, nani kamzidi nani. Alama ije baada ya hapo, watoto wakiwa wameshaona kwamba hadithi zote hizo zinaingia chini ya kistari kimoja.

Nililiandika upya lile swali kwenye daftari: Asha na Juma wanapanga maembe yao mawili mawili, moja la Asha na moja la Juma. Maembe mangapi ya Asha yatakosa mwenza? Akaandika 3, na pembeni nikamwonyesha 8 − 5. Akakitazama kile kistari kwa muda, halafu akaniuliza: "Sasa babu, hapa nimetoa nini?"