Kuchagua Seksheni Baada ya Darasa la Nane

(Maneno ya mwalimu wa sekondari kwa wazazi na wanafunzi, Siku ya Wakimbizi Duniani)



Nimepewa dakika chache, kwa hiyo nitasema jambo moja tu: kuchagua seksheni. Katika mfumo wa nchi yetu ya Kongo, ambao ndio tunaoufuata hapa Nyarugusu, sheria ya elimu ya mwaka 2014 iliweka miaka 8 ya elimu ya msingi, ndipo mwanafunzi anaingia miaka 4 ya mwisho ya sekondari. Pale mlangoni anaulizwa: Pedagojia, Sayansi, Biashara, au nyingine? Atakachojibu akiwa na miaka 14 au 15 ndicho atakachofanyia Mtihani wa Serikali, na ndicho kitakachoandikwa katika diploma yake.

Mimi nilichagua Biolojia na Kemia kwa sababu rafiki zangu wawili waliichagua, na pia jina lake lilininukia udaktari. Sikuuliza kama shule ina maabara. Kemia tulijifunza kwa chaki: mwalimu alichora chupa ubaoni, akatueleza maji yangegeuka rangi gani kama tungekuwa na dawa ya kutia. Mtihani unadai asilimia 50. Sikufikisha. Siku tatu sikutoka nyumbani. Mwaka uliofuata nikarudia, nikapita, nikaenda chuo cha ualimu. Huko ndiko nilikotambua kwamba kazi niliyoipenda nilikuwa nikiifanya kila jioni, kuwafundisha wadogo zangu hesabu. Ualimu siujutii. Ule mwaka ndio unaoniuma.

Sasa niseme neno ambalo wengine hawatalipenda. Kwa muda mrefu wanafunzi wameniambia, "Mwalimu, andika seksheni yoyote, sisi tuna kesi ya Marekani." Mwezi wa Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Ziko familia zilizokuwa zimekwisha kugawa masufuria kwa majirani, zikabaki. Siwacheki, nani asingetamani? Lakini watoto wao bado ninao darasani, katika seksheni waliyoingia kama mtu anayesubiri gari kivulini, na mtihani hauulizi kama ulikuwa unasubiri gari.

Wazazi, chukueni bulletini za miaka miwili, darasa la 7 na la 8. Msitazame jumla peke yake, maana jumla hupandishwa hata na michezo. Tazameni hisabati, tazameni sayansi, tazameni Kifaransa. Hicho Kifaransa hakimwachi mtu. Watoto wetu wamekulia katika Kiswahili, lakini maswali ya fizikia yanakuja kwa Kifaransa. Nimeona kijana anayejua kupiga hesabu akakosa kwa kutoelewa swali.

Mama mmoja aliniomba nimwandike binti yake Pedagojia kwa kuwa "ndiyo ya wasichana." Binti huyo anawapita wavulana wote wa darasa lake katika hisabati. Nilimjibu kwa heshima, Mama, tumuulize mwenyewe. Aliulizwa, akanyamaza, kisha akasema Sayansi kwa sauti ndogo sana. Wala Pedagojia isidharauliwe: anayeisoma anasimama mbele ya watoto wa msingi na kufundisha kweli kabla hajamaliza. Si pipa la kutupia walioshindwa kwingine.

Wageni wetu wa mashirika, tunawashukuru. Kambi hii iko tangu mwaka 1996, na mimi bado ninachora chupa ubaoni kama nilivyochorewa. Darubini moja, mizani moja na dawa chache zingebadili uchaguzi wa vijana wengi. Mnatutangazia ufadhili wa DAFI kwa ajili ya chuo kikuu. Ni jambo jema, ila asiye na diploma hata fomu yake hawezi kuijaza.

Fomu za seksheni zinarudishwa Ijumaa. Jumatano na Alhamisi, baada ya kipindi cha mwisho, nitakuwa katika darasa lililo karibu na tangi la maji. Mzazi aje na mtoto, wasije mmoja mmoja, na walete bulletini zote mbili. Aliyepoteza zake asiogope, daftari la pointi ninalo.