Robert Shaw: Mwalimu wa Kwaya na Okestra



Katika jubilii hii tunamkumbuka Robert Shaw wa Marekani, mwana wa mchungaji, aliyezaliwa 1916. Mwaka 1941 alianzisha Collegiate Chorale jijini New York, na 1948 Robert Shaw Chorale. Hakutosheka na kwaya pekee. Kuanzia 1956 alifanya kazi ya okestra chini ya George Szell kule Cleveland, kisha akaongoza okestra ya Atlanta toka 1967 hadi 1988. Huko aliunda kwaya kubwa ya watu wa kujitolea, wasiolipwa, kama sisi.

Mazoezini aliwaimbisha namba badala ya maneno, mpaka mapigo yakae sawa. Tena aliwaandikia waimbaji barua za kuwatia moyo.

Sisi tumebaki na besi watatu, na vijana wanahamia mijini. Tukikaa kungoja waimbaji waliokwisha kuiva, kwaya itazima. Basi wazazi, tunawaomba: tuleteeni watoto Jumamosi, hata wasiojua nota. Tutaanza na kuhesabu.