Muhogo na Miezi ya Njaa: Mazungumzo kwa Watumishi na Wananchi wa Buhemba



Nimeombwa nizungumzie chakula tunacholima na kukila wenyewe majumbani. Nitakaa zaidi kwenye muhogo, kwani ndio unaobeba kaya nyingi ghala linapokuwa tupu.

Mwaka wetu una mvua mbili, vuli na masika. Mahindi, mtama na ulezi hufuata mvua hizo, na viazi vitamu huanikwa vikawa michembe. Muhogo haufuati kalenda hiyo; hukaa ardhini mwaka na zaidi, ukingoja siku isiyo na chakula kingine. Siku hiyo mara nyingi huangukia wakati wa palizi, na baadhi ya vijana wako machimboni wakitafuta dhahabu. Mama mwenye nyumba, akiwa peke yake, hulazimika kufupisha siku za kuuandaa.

Ndugu Wananchi, kufupisha huko si jambo dogo. Mwaka 1985, katika mkoa wetu huu, wilayani Tarime, ukame uliwalazimu watu kula muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka. Baadhi yao walipooza miguu ghafla. Ugonjwa huo huitwa konzo, na kupooza kwake hakuponi. Huwapata zaidi watoto na kina mama, hasa wanaokosa samaki, maharage au maziwa ya kuusaidia mwili kupambana na sumu ya sianidi iliyomo katika muhogo mchungu.

Muhogo huo umenywe, uvundikwe au ulowekwe siku tatu au zaidi, kisha uanikwe hadi ukauke kabisa. Kwa unga wa sokoni usiojulikana ulivyoandaliwa, uchanganyeni na maji, mwutandaze mwembamba juani kwa saa 2, au kivulini kwa saa 5, ndipo msonge ugali siku hiyo hiyo. Sumu hutoka hewani.

Sisi watumishi nasi tuna lawama. Tunanunua sembe dukani na kuupita mtama wa jirani, naye huuza mavuno yake kwa bei ya kutupa kwa mchuuzi wa kwanza. Tununue kwake.

Kwa sasa, wenye muhogo mchungu wasingoje palizi. Wang'oe sehemu yake wakati wa kiangazi, Julai na Agosti, jua likiwa kali na mikono ikiwapo nyumbani, waweke makopa ghalani kabla ya vuli.